Hakuna Kula Mpaka Tofauti Ielezwe

"Kwani nyinyi mlifanyaje, mpaka hii sauti inaniita mimi na haimwamshi mtoto?"

Swali hilo niliulizwa kwa simu na muuguzi wa wodi ya watoto huko Houston, katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Wakati ule nilijiona nina jibu la kila kitu, au angalau swali la kujibia swali. Siku hiyo nilisema, "Nitaangalia, Sista," nikakata simu.

Ninyi mliobaki kwenye chumba kile cha kazi mmeniomba niandike kabla sijasahau. Mnasema nimestaafu, kisha mnacheka, kwa sababu mstaafu hategemewi kuwa na mtihani wa anatomia wiki ijayo. Lakini kazi ya kujenga mfumo nimeiacha kabisa, kwa hiyo neno nalichukua. Mshahara na vyeo siviandiki. Mnavijua, na ngazi yenyewe ilikuwa fupi.

Siku ya kwanza niliendesha gari kutoka Mansfield, nyumbani kwa wazazi wangu, hadi kaskazini ya Dallas, nikafika nimechoka kama mtu anayetoka kazini. Kampuni ilitengeneza pampu za dripu: kile kisanduku kinachosimama kando ya kitanda na kusukuma dawa mshipani pole pole. Ndani ya kila kisanduku kuna kompyuta ndogo, na kompyuta hiyo inaendeshwa na mfumo ulioandikwa na chumba chetu. Mama yangu atasoma haya, kwa hiyo naeleza. Watu huandika maagizo katika mafaili mengi sana, kwa lugha ambayo mtu anaweza kuisoma. Programu nyingine huyageuza mafaili hayo, moja moja, kuwa vipande ambavyo mashine inavielewa. Mwisho vipande vyote hufungwa kuwa furushi moja, na furushi hilo ndilo linaloingia kwenye pampu. Hiyo ndiyo tunaita kujenga.

Kuna njia mbili za kujenga. Chumbani tuliziita kuendeleza na kufuta. Ukiendeleza, mashine inatazama mafaili yapi yamebadilika tangu jana, inayageuza hayo tu, na kwingine kote inatumia vipande vya jana. Unamaliza kabla chai haijapoa. Ukifuta, unatupa vipande vyote na kuanza na folda tupu, na hapo asubuhi nzima inakwisha. Njia zote mbili zinatakiwa zitoe furushi lile lile. Nawaomba mliangalie vizuri hilo neno "zinatakiwa".

Aliyenipokea ni Mama Neema. Ni mhandisi, amesomea Lubumbashi, akafika Dallas kama mkimbizi na kupangiwa nyumba mtaa wa Vickery Meadow, na hata sasa anaishi huko huko kwa hiari yake, kwa sababu treni inamfikisha kazini na barabara zetu anaziona ni za wendawazimu. Mfumo ule aliuanza yeye, akiwa peke yake, kabla chumba hakijawa chumba. Kiswahili chake cha Kongo na changu cha Mombasa vilikutana katikati, na wenzetu watatu waliobaki walizoea kutosikia chochote.

"Weye njo Rukia?"

"Ndiye mimi."

"Bon. Kompyuta yako ilikuwa ya mutu alitoka. Kwanza futa vipande vyake vyote, njo uanze."

"Kwani havifanyi kazi?"

"Vinafanya."

"Sasa kwa nini nifute kitu kinachofanya kazi?"

Aliwageukia wengine akawaambia kwa Kiingereza kwamba mwaka huu tumeletewa mwanasheria. Sikufuta. Nilitaka sababu kwanza, na "njo vile tunafanya" kwangu haikuwa sababu.

Kila Ijumaa asubuhi Mama Neema alifuta kila kitu kwenye seva na kujenga upya kutoka sifuri. Seva ikiwa inajenga, hakuna mtu aliyeweza kufanya kazi ya maana, kwa hiyo tulikula. Alikuja na sufuria kwenye treni, zimeviringishwa blanketi: bukari, yaani ugali wa kwao, sombe ya majani ya muhogo, samaki. Samaki ilikuwa kwa ajili yangu, tangu aliponiuliza ninakula nini nikamwambia nyama ya halali tu. Mimi nilitoka kwenda kuswali Ijumaa, na sufuria hazikufunguliwa mpaka nirudi. Mmarekani mmoja chumbani mwetu alianza kuniuliza kila wiki kama hotuba itakuwa ndefu.

Chakula nilikipenda. Kufuta kulinikera. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na nilijua hasa chombo chetu kinavyofanya kazi: kinashika kumbukumbu ya kila faili, kinajua lipi linategemea lipi, kinageuza panapostahili. Kama kinajua, kufuta ni nini kama si kupiga ramli? Nilisema hivyo hivyo kwenye mkutano.

"Tunaosha vyombo ambavyo havijachafuka," nikamwambia Mama Neema mbele ya watu.

"Unajuaje havijachafuka?"

"Chombo kinasema."

"Na chombo, nani anakichunguza?"

Nilikuwa na slaidi. Yeye hakuwa na slaidi. Meneja alitazama saa zilizopotea kwenye seva kila Ijumaa, akatazama grafu yangu, akasema tujaribu kuendeleza tu, kwa msimu mmoja. Ilihitajika folda ya kuanzia, yenye vipande vyote tayari. Yangu ilikuwa nene kuliko zote, kwa hiyo tuliichukua yangu. Mama Neema aliendelea kuleta sufuria. Alisema chakula hakina kosa.

Msimu huo ndipo pampu za majaribio, zikiwa na furushi la kuendeleza, zilipopelekwa Houston, kwenye wodi ya watoto ya hospitali moja kubwa. Meneja alituambia wazi mambo yalivyo. Wodi ikizikubali, tunaendelea. Ikizikataa, kampuni itanunua mfumo uliotengenezwa na watu wengine, na chumba chetu kitafungwa. Tungegawanywa kwenye kazi nyingine, na mfumo wa Mama Neema ungezimwa. Yeye alisikiliza, akachukua mkoba wake, akaenda kuwahi treni. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika.

Muuguzi aliyesimamia majaribio aliitwa Sista Wambui. Ni mtu wa Nyeri, anaishi Pearland, kando ya Houston, na aliposikia jina langu kwenye simu alihamia Kiswahili bila kuuliza. Ndipo aliposema ile habari ya sauti. Pampu ina sauti kadhaa. Za hatari ni kali, na zinatakiwa ziwe kali. Lakini kuna moja ya ukumbusho tu, kwamba dripu inakaribia kwisha, njoo ubadilishe. Sauti hiyo kwenye pampu za zamani ilikuwa inawaamsha watoto wote wa chumba. Yetu haikumwamsha hata mmoja. Wauguzi wa zamu ya usiku waliipenda hivi kwamba waligombea pampu. Nilimwandikia meneja kwamba Houston wamefurahi. Sikuandika kwa nini, kwa sababu sikujua, na hakuna aliyeuliza. Hata mimi sikuuliza. Kumbe maswali yangu yote nilikuwa nayapeleka kwa watu waliokuwa wakinikataza kitu. Aliyenisifu sikumhoji.

Majaribio yalipokaribia mwisho, ikafika zamu ya kutoa furushi rasmi. Hapo Mama Neema alisimama.

"Kitu kinaenda ku mugonjwa kinajengwa kutoka sifuri. Weye na slaidi zako mutanisamehe."

Meneja alikubali. Tukafuta, tukajenga, tukapima kila kitu, kila kipimo kikapita, tukatuma. Siku mbili hazijaisha, simu ikalia.

"Rukia, mmefanya nini?"

"Hatujafanya kitu, Sista."

"Mmefanya. Hii sauti si ile. Watoto wanaamka, mama zao wananitazama kama mimi ndiye nimewapigia kelele. Mkubwa wa wodi ameniambia mpaka Jumatatu, la sivyo nizifunge kwa maboksi nizirudishe. Na mimi ndiye niliwatetea mbele ya watu."

Tulifungua msimbo, yale maagizo yenyewe. Sauti ya ukumbusho ilikuwa faili moja, haijaguswa tangu kabla sijaajiriwa. Tuliisikiliza: piii, kali, ya kununuliwa. Meneja alisema hakuna kilichobadilika. Mimi nikasema huenda Sista anakumbuka vibaya. Mama Neema alikuwa amekaa mezani kwake amenipa mgongo. Akageuka na kiti.

"Weye unayeuliza kila kitu. Leo njo unachoka kuuliza?"

Nilichukua gari. Barabara ya kutoka Dallas kwenda Houston haina la kusimulia; ni saa kadhaa za kutazama malori na matangazo ya mawakili. Sista Wambui alinipokea mlangoni kwake Pearland akiwa bado na nguo za kazi, akaniangalia juu mpaka chini.

"Wewe ndiye yule wa 'nitaangalia'?"

"Ndiye."

"Nilidhani uko na miaka hamsini. Kwa simu unaongea kama inspekta."

"Samahani."

"Usiombe samahani, kula kwanza. Unaonekana umekuja kupigana."

Asubuhi alinipeleka kwenye chumba cha mafunzo cha wodi. Pampu moja ilikuwa kwenye kabati tangu magurudumu ya stendi yake yavunjike, kwa hiyo haikuwahi kupewa furushi jipya. Aliiweka mezani, akaweka na nyingine iliyopewa, akaziendesha zote mbili mpaka dripu zikakaribia kwisha. Ile mpya ikalia: piii. Ile ya kabatini ikalia: tok, kimya, tok. Ilikuwa sauti nene na ya chini, kama jirani anayegonga mlango akijua mmelala.

Sista Wambui alikunja mikono.

"Sema sasa ni mimi nimechanganyikiwa."

"Hapana, Sista. Ni sisi."

Ningepaswa kuona aibu, lakini niwaambie ukweli, nilifurahi kupita kiasi. Mafurushi mawili, msimbo mmoja, sauti mbili. Kitu ambacho nilikwisha thibitisha kwa slaidi kuwa hakiwezekani kilikuwa mezani mbele yangu kikigonga tok. Kama hujawahi kupata furaha ya namna hiyo, bado hujaipata kazi hii vizuri, endelea.

Nilimpigia Mama Neema. Tukafungua mafurushi yote mawili, yeye Dallas, mimi Houston, tukayalinganisha kipande kwa kipande. Yalikuwa sawa kabisa, isipokuwa folda ya sauti. Kwenye furushi la zamani kulikuwa na faili moja zaidi. Nikamsomea jina lake.

Nikasikia anacheka, taratibu kwanza, halafu kwa nguvu mpaka akakohoa.

"Rukia. Ile ni ya kwangu."

"Yako vipi?"

"Mi niliitengeneza. Na mi niliitoa. Zamani, mbele weye ufike."

"Kwa nini uliitoa?"

"Ilikuwa ya jikoni, mama. Niligonga kikombe. Kisha kampuni ikakuwa kampuni ya kweli, bakaguzi banakuja, banauliza kila kipande kimetoka wapi. Mi niandike nini? Kikombe? Nikaona haya. Nikanunua hii ingine."

Ndipo nilipoelewa, nimekaa kwenye kiti cha plastiki cha chumba cha mafunzo. Yeye alilifuta faili kwenye msimbo. Lakini kipande chake kilichokwisha geuzwa kilibaki kwenye folda ya yule mtu aliyeondoka, ile niliyorithi, ile niliyokataa kuifuta, ile tuliyoifanya ya kuanzia. Chombo chetu kinatambua faili lililobadilika. Lililoondoka halimwiti mtu. Halipo la kulinganisha. Na programu inayofunga furushi inachukua kila inachokikuta kwenye folda ya sauti, na ikikuta mbili za kazi moja inatumia ya kwanza kwa alfabeti. Faili la Mama Neema liliitwa kikombe, likatangulia.

"Umeona sasa?" Mama Neema akasema. "Ungefuta siku ya kwanza."

"Ningefuta siku ya kwanza, Sista Wambui asingeisikia kabisa."

"Kweli. Na kama kile kilibaki hakikuwa kikombe? Kama kilikuwa kipande kinahesabu dawa?"

Kando yangu pampu ya kabatini iligonga tena, na Sista Wambui akainyamazisha bila kuitazama, kwa kidole gumba, kama mtu anayezima taa ya chumbani kwake.

Hatukuirudisha kiholela. Sauti isiyo na asili haikai karibu na mgonjwa, hata ikiwa nzuri, na hilo Sista Wambui alilielewa haraka kuliko meneja. Alikwenda mwenyewe kwa mkubwa wa wodi kuomba muda, na alichomwambia sikijui, ila alirudi akisema, "Nimewanunulia wiki mbili, msinitie aibu." Mama Neema alilirudisha faili kwenye msimbo, na penye nafasi ya kujaza asili yake akaandika ukweli, kwamba imerekodiwa na mfanyakazi wa kampuni, kwa kikombe. Idara ya vipimo iliisikiliza kwa vyombo vyake vyote. Mkaguzi alisoma, akauliza kikombe cha aina gani, akaandika jibu, akaendelea na ukurasa. Haya yote aliyoyaogopa miaka hiyo yote yalikuwa swali moja. Tukafuta, tukajenga kutoka sifuri, tukatuma.

Sista Wambui alipiga simu. Aliisogeza simu karibu na pampu. Tok. Kimya. Tok.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na mtoto, umemsikia?"

"Sijamsikia mtoto."

"Haya basi."

Niliiweka simu kwenye spika kwa kuchelewa, kwa hiyo chumba kizima kilisikia "haya basi" tu. Ilitosha. Mama Neema aliinuka akaenda kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Wodi ilizichukua pampu zote, na chumba hakikufungwa, ndiyo maana ninyi mnakaa humo. Na kanuni mnayoilalamikia ilizaliwa wiki ile. Jumatatu mpaka Alhamisi tunaendeleza, kwa sababu maisha ni mafupi. Ijumaa tunajenga kwa njia zote mbili, tunalinganisha, na kila tofauti inaelezwa kwa mdomo na mtu aliyeisababisha, mbele ya wote, kabla kifuniko cha sufuria hakijafunuliwa. Mama Neema ndiye aliyeongeza kipengele cha kifuniko. Mimi ningeweka fomu, na isingefanya kazi. Mtu anayesubiri samaki anakuwa makini sana na mafaili ya mwenzake.

Tofauti nyingi ni za kipuuzi, na mtajifunza kuzipenda. Kuna Ijumaa tulikula alasiri, chakula kimepoa, kwa sababu programu moja ilikuwa inajichapishia tarehe ya kujengwa ndani ya furushi, na mwenye nayo alikuwa anaapa kwamba haifanyi hivyo. Kuna nyingine meneja mwenyewe alisimama kujieleza, mikono mfukoni kama mwanafunzi, na wiki iliyofuata akaleta nyama ya kuoka ya Texas na ya kwangu pembeni, aliyokwenda kuifuata duka la halali kule Richardson. Msije mkaiondoa kanuni hii kwa slaidi. Kama mnataka kuiondoa, leteni kwanza jibu la swali la Mama Neema: chombo, nani anakichunguza?

Lingine la kazi: folda mliyorithi msiichukulie kuwa tupu kwa sababu hamuoni kitu. Msiifute pia kabla hamjaangalia kilichomo. Najua hayo mawili yanapingana. Nilikaa chumba kile miaka yote hiyo ndani ya huo upinzani, na sikuchoka hata siku moja.

Mmeniuliza kwa nini basi niliondoka. Kwa sababu nilianza kwenda Houston mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kila safari nilitoka na maswali ambayo msimbo haukuwa na habari nayo: mtoto analala vipi penye mwanga, muuguzi anajuaje kugeuka kabla sauti haijalia. Mwishowe Sista Wambui alichoka kunijibu, akasema, "Si ukasomee, uwache kunisumbua?" Alidhani anatania. Sasa nakaa chumba chake cha juu, Pearland, nasomea uuguzi, na yeye ndiye anayeniuliza maswali, akiwa na kitabu changu mkononi na jibu amelifunika kwa kidole.

Mwezi uliopita Mama Neema alikuja kututembelea. Hakuja kwa treni. Neema, binti yake, amepata leseni, na ndiye aliyeendesha njia nzima, mama yake kando ameshika mlango. Ni msichana mrefu sasa, anampita mama yake kwa kichwa. Wale wanawake wawili walikuwa wamezungumza kwa simu miaka mingi na hawakuwahi kuonana. Walikumbatiana jikoni, wakatazamana, na Sista Wambui hakungoja hata maji yachemke.

"Sasa nimekupata. Huyu wako hajawahi kunijibu. Mlifanyaje mpaka ile sauti inaniita mimi na haimwamshi mtoto?"

Mama Neema alitazama meza, akatabasamu. Aliyejibu ni Neema, kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani. Alisema jaribio lilikuwa yeye.

Ikabidi mama yake aeleze. Wakati ule alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa na hakuwa na wa kumwachia mtoto, kwa hiyo sauti za pampu alizitengenezea nyumbani, kwenye chumba kimoja, kitanda cha Neema kikiwa kando ya meza. Aligonga kila kilichokuwamo jikoni: sahani, chupa, mfuniko, bilauri. Neema akiamka, sauti hiyo aliifuta na kumbembeleza mtoto upya. Alikwenda hivyo siku nyingi. Mwisho akachukua kikombe cha bati, akakiviringisha kitambaa, akakigonga kwa mwiko wa mbao. Mama mmoja, jirani wa chumba cha pili, akafungua mlango kuuliza kama ameitwa. Neema aliendelea kulala.